Chumba Kwanza, Wimbo Baadaye

Bendi ya wasichana katika filamu ya Kiswidi Vi är bäst!, jina ambalo kwa Kiswahili ni "Sisi ndio bora", inazaliwa kutokana na karatasi ya kujiandikishia zamu. Ni Stockholm, majira ya baridi ya mwaka 1982. Bobo na Klara, wote wa miaka 13, wamo katika kituo cha vijana cha mtaani kwao, na chumba cha pili bendi ya wavulana waliowazidi umri inapiga roki nzito kiasi kwamba mtu hasikii analosema mwenzake. Wavulana haohao wameshawakejeli. Wasichana wanakwenda kwa walezi wa kituo kulalamika, na wanajibiwa kwamba wavulana wana haki ya kutumia chumba cha muziki kama mtu mwingine yeyote. Klara anaitupia jicho ile karatasi na kuona kwamba nafasi ya saa hiyo iko wazi, wavulana hawakujiandikisha. Anaandika jina. Muda si mrefu wavulana wanatoka wakinung'unika, na wasichana wawili wasiojua hata namna ya kushika vijiti wanajikuta mbele ya seti ya dramu na gitaa la besi. Hawana wimbo na hawana mwalimu. Kilicho mkononi mwao ni chumba na saa iliyoandikwa kwa jina lao.

Filamu za ujana zenye muziki ndani yake kwa kawaida husomwa kwa namna moja. Kijana ana uchungu asioweza kuusema, muziki unampa sauti, marafiki wanamzunguka, na mwishowe jukwaa linamthibitishia kwamba naye ni mtu. Kwa usomaji huo kila kitu kinaanzia moyoni mwa kijana, na dunia iliyomzunguka ni kizuizi tu cha kurukwa. Penye nia pana njia. Filamu zilizo bora katika kundi hili zinaonyesha mpangilio mwingine: njia ilitangulia, nia ikafuata. Kwanza palipatikana mahali penye mlango, vyombo na saa maalumu, mahali ambapo vijana wana haki ya kuwapo bila kujieleza kwa mtu. Humo urafiki uliokuwa wa kupiga soga ukageuka kuwa urafiki wa kazi, na huo wa pili ndio uliostahimili mitikisiko. Tukilikubali hilo, swali la ujana linahama kutoka kwenye tabia za vijana na kuwaangukia watu wazima: ufunguo wa chumba anao nani, na anamfungulia nani?

Lukas Moodysson alitengeneza Vi är bäst! mwaka 2013 kutokana na kitabu cha hadithi za michoro cha mkewe, Coco Moodysson, kiitwacho Aldrig godnatt, kilichochotwa kwenye usichana wake mwenyewe huko Stockholm. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Venice, na mwaka huohuo ikachukua tuzo kuu ya tamasha la Tokyo. Kituo tunachokiona ndani yake kilikuwa kitu cha kawaida kabisa katika Uswidi ya wakati ule. Halmashauri za miji ziliendesha vituo vya vijana vilivyokuwa wazi jioni, vikiwa na walezi wanaolipwa mshahara. Ziliendesha pia shule za muziki, zilizoanza kuenea tangu miaka ya 1940, ambako mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani aliweza kujifunza filimbi au tarumbeta baada ya masomo. Kulikuwa pia na vyama vya elimu ya watu wazima, kama ABF ya harakati za wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1912, ambako hata bendi ya vijana iliweza kujiandikisha kama kikundi cha kujisomea na kupata msaada wa chumba cha mazoezi. Max Martin, Mswidi aliyetunga nyimbo nyingi zilizoshika namba moja Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1990, alijifunza ala yake ya kwanza katika shule ya muziki ya umma, na amekiri hadharani deni hilo. Moodysson hayataji haya popote. Hakuna mhusika anayesimama kuisifu halmashauri. Ila kila hatua ya wasichana wake inakanyaga sakafu hiyo.

Tuutazame urafiki wenyewe kabla ya chumba. Bobo na Klara ni chanda na pete, lakini urafiki wao una sura ya ngome. Bobo ana miwani ya duara na nywele alizozikata fupi. Nyumbani kwake kuna mama aliyeachana na mumewe, sherehe na wageni, na kimbilio lake ni simu ya kumpigia Klara. Klara amesimamisha nywele mtindo ambao kwetu vinyozi wanaujua kwa jina la kiduku, na ana neno kali kwa kila mtu. Shuleni wanaambiwa kwamba panki imekufa, kwamba muziki wanaoupenda umepitwa na wakati. Kinachowaunganisha mpaka hapo ni orodha ya wasivyovipenda: mashindano ya urembo ya kimyakimya darasani, mwalimu wa michezo, nyimbo za disko, watu wazima wasiosikiliza. Urafiki wa namna hii una joto, na ni wengi tuliouona kwa vijana wa umri huo, lakini una udhaifu wake. Hauna kitu cha kufanya. Ukiujenga urafiki juu ya mnavyovichukia, siku mnapotofautiana hamna kitu cha tatu cha kukimbilia wote wawili.

Chumba kinawapa kitu hicho cha tatu. Mara tu wanapokuwa na dramu na besi, wanagundua kwamba hawajui kupiga, na kutojua huko ndiko kunakowafungua macho wamwone mtu wa tatu. Katika onyesho la vipaji shuleni kuna msichana aitwaye Hedvig, mwenye nywele ndefu na imani ya Kikristo, anayepiga gitaa kavu kwa ustadi huku ukumbi ukimzomea. Awali asingeweza kuingia kwenye ngome ya Bobo na Klara, kwa kuwa amekaa upande wa kila wanachokikejeli. Bendi inamhitaji, basi wanakwenda kukaa naye mezani wakati wa chakula. Tuseme kweli, nia yao si safi sana. Klara anafikiri watamtoa kwenye dini, na siku moja anamkata nywele zake ndefu, jambo linalomfikisha mama yake Hedvig mbele yao akiwa na maswali mazito. Kamera inakaa karibu na uso wa Hedvig mkasi unapopita. Hapo mtazamaji anaona kwamba msichana huyu anatoa zaidi kuliko anachopokea, na bado anataka kubaki, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyemwomba chochote isipokuwa akae kimya. Naye analipa kwa kufundisha. Anawaonyesha mahali pa kuweka vidole, anawaambia wasikilizane, anawafanya warudie. Ngome imekuwa karakana.

Kuna tukio dogo ambalo peke yake lingetosha kuibeba hoja hii. Walezi wa kituo, wanaume wawili wenye moyo mzuri na kujiamini kupita kiasi, wanataka kuwasaidia wasichana. Mmoja anachukua gitaa la umeme na kumwonyesha Hedvig jinsi linavyopigwa. Hedvig anatazama kwa adabu. Kisha anapokea gitaa na kupiga, na vidole vilivyolelewa na muziki wa kale wa Ulaya vinamwacha mwalimu wake mbali. Wengi hulikumbuka tukio hili kama ushindi wa msichana dhidi ya mwanaume anayejiona, na ni kweli, tena unafurahisha. Lakini mlezi yule, pamoja na upofu wake wote, ndiye aliyelitoa lile gitaa, akaunganisha waya, akakaa pale jioni ambayo angeweza kuwa nyumbani. Walezi hawa wanaendelea kuwaita "bendi ya wasichana" hata baada ya kukatazwa. Wana kasoro na hawaelewi nusu ya wanachokiona. Pamoja na hayo wapo, kila jioni, na filamu ina uadilifu wa kuonyesha mambo yote mawili kwa pamoja. Mtu mzima anayehitajika na vijana si lazima awe na hekima ya kuwashinda. Inatosha awe na ufunguo na afike kwa wakati.

Mtihani wa urafiki unakuja kwa sura ya mvulana, Elis, mpigaji wa bendi nyingine ya panki. Klara anakuwa naye, Bobo anabaki pembeni, kisha Bobo anakutana na Elis kwa siri. Katika filamu nyingi za ujana jambo kama hili lingechukua nusu saa ya machozi na kuishia kwa kukumbatiana kwenye mvua. Hapa linaumiza kweli, kwa kuwa Bobo ameishi muda mrefu akijiona wa pili kwa kila kitu, lakini linamalizika kwa namna ya kazini. Hedvig, aliyeingia kama mgeni, anawakalisha wenzake waambiane ukweli. Ana uzito wa kufanya hivyo kwa sababu bendi ni yake pia, na watatu wasipopatana hakuna mazoezi. Ile kazi ya pamoja imekuwa baraza la usuluhishi. Wawili peke yao wangenuniana mpaka mwisho wa muhula.

Isije ikadhaniwa kwamba hili ni jambo la Uswidi peke yake. Filamu ya Kijapani Linda Linda Linda ya Nobuhiro Yamashita, ya mwaka 2005, inaanza pale bendi ya wasichana wa sekondari inapovunjika siku chache kabla ya tamasha la shule: mmoja ameumia kidole, wawili wamekosana. Waliobaki watatu wanaamua kupiga nyimbo za The Blue Hearts, kundi la panki lililotoa wimbo wa Linda Linda mwaka 1987, na wanahitaji mwimbaji. Wanakubaliana kumwomba mtu wa kwanza atakayepita. Anapita Son, mwanafunzi kutoka Korea anayechezwa na Bae Doona, ambaye Kijapani chake bado ni cha kujikongoja, na anaitikia kabla ya kuelewa ameombwa nini. Urafiki hapa hautangulii bendi hata kwa siku moja. Wanakusanywa na nafasi iliyo wazi kwenye ratiba na chumba kidogo cha klabu ya muziki kilichojaa vipaza sauti na mabegi. Wanafanya mazoezi humo, wanarudi shuleni usiku, wanalala usingizi wa mang'amung'amu kutokana na uchovu, wanakula pamoja, na maneno wanayosemezana ni machache ajabu. Yamashita anaiacha kamera imetulia, haharakishi, na taratibu tunaona Son akiacha kuwa mgeni bila mtu yeyote kutangaza kwamba amekaribishwa.

Usiku mmoja Son anatembea peke yake kati ya vibanda vya tamasha vilivyofungwa, anapanda jukwaa tupu, na kuwatambulisha wenzake kwa majina mbele ya ukumbi usio na mtu. Nani yuko kwenye dramu, nani kwenye gitaa, nani kwenye besi. Hakuna hotuba kuhusu urafiki katika filamu nzima iliyo na uzito wa orodha hiyo. Msichana aliyekuwa akipita tu kwenye ngazi sasa anajua kila mmoja anakaa wapi jukwaani, na yeye anakaa wapi kati yao.

Mfano wa upande wa pili unasaidia. Sing Street ya John Carney, iliyotoka mwaka 2016 na kuwekwa Dublin ya 1985, ni filamu tamu, na nyimbo zake zimependwa kote. Conor anahamishiwa shule ya bei nafuu kwa sababu wazazi wake wameishiwa, anaanzisha bendi ili apate kisingizio cha kuwa karibu na msichana aitwaye Raphina, na anapata vyombo na mahali pa mazoezi nyumbani kwa Eamon, ambaye baba yake ni mwanamuziki. Shule yenyewe, inayoongozwa na mtawa mkali, haiwapi vijana hawa kitu mpaka mwisho wanapopata ukumbi wake kwa usiku mmoja. Kwa hiyo bendi inategemea sebule ya mtu binafsi na ndoto ya mtu binafsi. Eamon anatunga muziki pamoja na Conor, anapiga kila ala, na bado tunaondoka bila kumjua. Mwishowe Conor na Raphina wanapanda mashua kuelekea Uingereza, na bendi inabaki ufukoni. Muziki umekuwa mlango wa kutokea. Carney alikuwa mwaminifu kwa Ireland ya miaka ile, nchi ambayo vijana wake wengi walivuka bahari kutafuta kazi, na filamu yenyewe imetolewa kwa heshima ya ndugu wa kiume kila mahali, si ya marafiki. Inatuonyesha kinachoupata urafiki pale muziki unapokosa makao ya pamoja: unaegemea mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka umekwisha.

Wapo watakaopinga kwamba panki ni muziki wa kukaidi, na ukaidi unaopewa chumba na halmashauri umeshafugwa. Ni pingamizi zito, na baadhi ya wanamuziki wa wakati ule wangeliunga mkono. Lakini historia ya panki ya Uswidi yenyewe inalipunguza nguvu. Ebba Grön, kundi lililoipa panki ya nchi hiyo sauti yake, lilianzia mwaka 1977 huko Rågsved, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, na jina lake lilichukuliwa kutoka kwenye jina la siri la operesheni ya polisi, jambo ambalo hakuna halmashauri ingeliidhinisha. Vijana wa Rågsved nao walikuwa na jumba la muziki, Oasen, na mahali hapo palikuwa na maana kubwa kwao. Ukaidi na chumba viliishi pamoja. Filamu inalionyesha jambo hilo katika safari ya Västerås, ambako wasichana wanapelekwa kwa basi, pamoja na walezi na wale wavulana wa roki nzito, kupiga katika tamasha la Krismasi. Ukumbi unawazomea na kuwatukana kwa matusi ya kisiasa na ya kijinsia. Wao wanaugeuza wimbo wao wa kulaani michezo kuwa wimbo wa kuulaani mji wenyewe, ghasia zinazuka, na wanarudi kwenye basi wakipiga kelele za furaha. Halmashauri ililipia jioni hiyo yote. Haikuwafuga. Iliwapa mahali pa kukaidi wakiwa watatu badala ya mmoja mmoja, kisha ikawarudisha nyumbani salama.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaweza kuja na pingamizi la karibu zaidi. Muziki wa vijana wetu, atasema, haukusubiri kituo cha mtu. Kalamashaka walitoka Dandora, muziki wa kizazi kipya ulikulia vijiweni na maskani za Dar, na haikuhitajika karatasi ya zamu. Hili ni kweli na ni la kujivunia. Ila tukichunguze kijiwe chenyewe. Kina benchi lake, mti wake au kibaraza chake, saa zake, wakongwe wake, sheria zake za nani anaongea na nani ananyamaza. Ni chumba kisicho na kuta. Na wenye haki ya kukaa humo bila kuulizwa ni wavulana. Binti wa miaka 13 akionekana kijiweni saa mbili usiku akijaribu mistari na wenzake, kesho yake asubuhi jina lake limeshapewa maana nyingine mtaa mzima, na mama yake ameshaulizwa dukani. Mvulana anaweza kuifanya barabara kuwa ukumbi wake wa mazoezi. Msichana anahitaji mlango. Ndiyo maana si bahati tu kwamba filamu mbili zinazoonyesha kwa uwazi zaidi thamani ya chumba ni filamu za wasichana. Kwa Bobo, Klara na Hedvig, karatasi ile ya zamu ilikuwa mara ya kwanza utaratibu kuwapa haki ambayo ukubwa wa mwili na sauti nzito visingewapa kamwe.

Na kwetu mlango huo umekuwapo, tena kwa muda mrefu, ingawa hatuuiti hivyo. Wanawake wa Unguja waliunda vikundi vyao wenyewe vya taarab, Nuru el-Uyun kikiwa kimojawapo, na kikundi kilikuwa ni nyimbo, sare, kuzikana na kusaidiana kwa pamoja. Kwaya za kanisa na vikundi vya kasida vya madrasa vimewapa mabinti wengi wa Afrika Mashariki saa ya jioni ambayo hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Humo wamejifunza sauti ya kwanza na ya pili, wamepata mashoga wa kufa na kuzikana, wamejua kusikilizana. Hedvig angeielewa kwaya ya Kinondoni mara moja. Zaidi ya hapo, wazo la Kiswidi la elimu ya wananchi si geni Tanzania. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 viliigwa kutoka shule za wananchi za Uswidi, ambazo zilianza huko mwaka 1868, na Uswidi ilisaidia kuvianzisha. Tuliazima darasa la ushonaji na useremala. Chumba cha muziki cha kijana baada ya saa za shule hatukukiazima kwa bidii ileile, na hapo pingamizi la umaskini linapoibuka lazima lijibiwe kwa upole lakini kwa uthabiti. Kituo cha Stockholm kilikuwa na seti ya dramu, ndiyo. Kilichobadilisha maisha ya wasichana wale, hata hivyo, kilikuwa karatasi, kalamu na mtu mzima aliyeiheshimu karatasi hiyo wavulana wenye nguvu walipobisha. Hivyo havigharimu fedha za kigeni.

Lipo pingamizi moja zaidi, kwamba Vi är bäst! ni picha iliyopakwa sukari, kumbukumbu ya mke iliyopambwa na mume, na hivyo haiwezi kuwa ushahidi wa lolote. Jibu liko katika filamu nyingine ya Moodysson huyohuyo. Mwaka 2002 alitoa Lilja 4-ever, kisa cha Lilja, msichana wa miaka 16 katika mji uliochakaa wa nchi iliyokuwa ya Kisovieti, ambaye mama yake anamwacha na kwenda Marekani, na shangazi anamtoa katika nyumba yao. Lilja ana rafiki, Volodja, mvulana mdogo aliyefukuzwa na baba yake. Upendo kati yao ni wa kweli kuliko wowote katika filamu zilizotajwa hapa. Lilja anamnunulia mpira wa kikapu, na baba anauharibu. Wanakaa kwenye mabenchi na majengo yaliyotelekezwa kwa sababu hawana pa kwenda, na hakuna mtu mzima hata mmoja mwenye ufunguo wa kitu chochote kwa ajili yao. Lilja anaishia Malmö akiwa ameuzwa, na urafiki hauwaokoi, si yeye wala Volodja. Aliyeitengeneza filamu hiyo miaka kumi na moja kabla ya wasichana wa panki hana udanganyifu wowote kuhusu nguvu ya urafiki mtupu. Ameonyesha ukiwa na pa kukaa na ukiwa hauna. Ukizitazama filamu hizi mbili mfululizo, furaha ya ile ya pili haibaki kuwa sukari. Inakuwa hesabu ya kitu ambacho Lilja alinyimwa.

Simu za leo zimebadilisha mengi. Kijana anaweza kutengeneza wimbo kamili kitandani na kuusambaza kabla ya kulala, na zimetoka nyimbo nzuri kwa njia hiyo. Lakini simu haimlazimishi kumsubiri mpigaji wa besi aliyechelewa, wala kumvumilia anayesali wakati yeye hasali, wala kurudia sehemu moja mara ishirini hadi mwenzake aipate. Urafiki wa Bobo, Klara na Hedvig ulifinyangwa katika kusubiri huko.

Msomaji mwenye sauti katika kamati ya shule, serikali ya mtaa, kanisa, msikiti au ofisi ya kata, wiki hii fanya jambo moja. Nenda kwenye ukumbi unaofungwa saa kumi jioni, uliza ufunguo wake unakaa kwa nani, na kama binti wa miaka 13 akija na wenzake wawili kuuomba kwa ajili ya mazoezi, ataandikwa jina au atarudishwa nyumbani. Kama hakuna karatasi ya kuandika jina lake, ibandike wewe.